Ligeuze Kwanza: Namna ya Kuchagua Kabati, Almari au Kasha la Kale

Mwenye duka la vitu vya kale akikuona unasogea, atatoa kitambaa chenye mafuta na kuanza kupangusa mlango wa kabati. Mwache apanguse. Mkishaamkiana na kuulizana habari, muombe jambo moja: vijana wake walisogeze kabati mbali na ukuta, kisha wakugeuzie. Uso wa kabati hupakwa, husuguliwa na kubadilishwa vishikio kila linapopata mwenyewe mpya. Mgongo wake na kitako hakuna anayehangaika navyo, na ndiyo maana habari zake zote zimebaki huko.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kabati la zamani alitumie nyumbani, lijae mashuka na sahani, si wa mkusanyaji wa vitu vya makumbusho. Nauandika baada ya kununua makabati manne kwa miaka kadhaa. Mawili niliyanunua kwa akili na mawili kwa macho tu.

Hatua ya kwanza: jua unaweka nini

Nyumba za mawe za pwani, Zanzibar, Lamu na Mombasa, hazikuwa na makabati mengi zamani. Dari lake lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki sana mita tatu, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Chumba cha namna hiyo ukikiwekea kabati kubwa, hupiti. Vyombo vilikaa kwenye zidaka zilizochongwa ukutani, nguo na vito vikakaa kwenye makasha. Makabati ya kusimama yalikuja kwa wingi pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, maofisa wa Kizungu na mafundi waliowahudumia. Kila chombo kilitengenezwa kutosha vitu vya mwenyewe na chumba chake, wala si vyako.

Basi chukua futi, pima vitu vyako kabla hujaenda dukani. Hanga ya kawaida ina upana wa sentimita 42 hadi 45, na koti lililoning'inia linadai kina cha sentimita 55 au zaidi. Utakuta makabati ya nguo ya kale yenye kina cha sentimita 45 tu kwa ndani, kwa sababu nguo zilitundikwa kwenye ndoano za nyuma. Hapo usimruhusu fundi atoboe mgongo ili kulitanua. Mwambie aweke bomba fupi kutoka nyuma kuja mbele, nguo zining'inie zikikutazama. Au ligeuze liwe la nguo za kukunja. Doti za kanga, mashuka na mataulo hukaa vizuri sana kwenye kina cha sentimita 40.

Sahani kubwa ya wali ina kipenyo cha sentimita 26 au 27, kwa hiyo rafu ya sentimita 30 inatosha. Mafaili makubwa ya ofisini yanataka urefu wa sentimita 35 kati ya rafu na rafu. Andika vipimo hivi kwenye karatasi. Ukifika dukani ukaona nakshi, utavisahau.

Hatua ya pili: pima njia, usipime chumba peke yake

Hapa ndipo nilipoumbuka. Kabati langu la pili lilikuwa la nguo, la mninga, milango miwili, refu kuliko mimi kwa kichwa na nusu. Nilipima ukuta wa chumbani, likaenea. Sikupima ngazi. Tunakaa ghorofa ya tatu, na pale ngazi zinapokata kona vijana wanne wa kubeba walisimama wamelilaza mabegani, halipandi wala halishuki. Wakalirudisha chini, nikalifunika turubai, likalala kwenye uwazi wa ngazi siku kumi na moja huku majirani wakilipita kwa adabu.

Siku ya kumi na moja mzee wa ghorofa ya kwanza akanikuta pale na fundi aliyekuja na msumeno.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mnataka kulichinja?"

Akainua mikono, akasukuma kilemba cha kabati, ule ubao wa nakshi ulioko juu kabisa, kutoka chini kwenda juu. Kikatoka kizima kama kifuniko cha sufuria. Chini yake kulikuwa na kabari nne za mbao. Tulizigonga zikatoka, na kabati likafunguka vipande: ubavu, ubavu, mgongo, kitako, milango. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limesimama chumbani.

Makabati mengi makubwa ya zamani yalitengenezwa hivyo, yavunjwe na kuunganishwa tena bila msumari, kwa sababu hata waliokuwa nayo wakati huo walikuwa na ngazi. Muulize muuzaji linafungukaje. Asipojua, sukuma kilemba mwenyewe taratibu na uangalie kama kina uhai. Kisha pima mambo matatu: upana wa mlango wa nje, upana wa ngazi, na nafasi ya kona. Kwa kabati lisilofunguka, ile nafasi ya kona ndiyo inayoamua, wala si ukuta wa chumbani.

Hatua ya tatu: jua unachokitazama

Majina huchanganya. Almari kwa watu wengine ni kabati lolote. Kwa wengine ni lile fupi lenye saraka peke yake, au droo kama tunavyosema siku hizi. Unapopiga simu kuuliza, usiridhike na jina, omba picha tatu: mbele, nyuma, na saraka moja ikiwa imetolewa nje.

Kasha ndilo lenye sifa kubwa kuliko yote pwani. Ni sanduku zito la kifuniko, limepambwa kwa mabamba na misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo, mara nyingi lina saraka tatu chini, na ndani pembeni kuna kijisanduku cha vitu vidogo. Lilikuwa la nguo na mali ya bibi harusi. Wauzaji watakuambia ni la Surat, la Bombay au la Shirazi. Majina hayo yanaeleza mtindo wa nakshi na shaba zaidi ya mahali lilipozaliwa. Makasha yalitengenezwa India na Ghuba, na mafundi wa Zanzibar na Lamu nao wakayatengeneza. Ukienda Oman utakuta ndugu yake, mandusi. Kwa matumizi ya kila siku, kasha lina kasoro moja ambayo hakuna muuzaji atakayekutajia: kitu unachokitaka kila mara kiko chini kabisa. Liwekee vitu vya msimu, mablanketi na nguo za sherehe, uweke mto juu ukalie.

Kabati la vyombo, lile la vioo ambalo wengine huliita shokesi, linajieleza. Angalia vioo tu. Kioo cha zamani kina mawimbi. Ukitikisa kichwa mbele yake, ukuta wa nyuma unacheza. Kikivunjika utapata cha kisasa kilichonyooka, na tofauti itaonekana.

Kipenzi changu ni kabati la wavu, la chakula, lililokaa jikoni au kwenye ukumbi wa nyuma kabla ya friji kuenea. Milango yake ni ya wavu mwembamba wa waya, hewa ipite na nzi asipite, na miguu yake ilisimamishwa ndani ya makopo ya maji yaliyotiwa mafuta ya taa kidogo ili sisimizi wasipande. Watu wengi hulidharau, kwa hiyo bei yake huwa ya kistaarabu. Vitunguu, viazi, mikate, hata viatu, vyote hupumua humo. Lakini inama uchunguze miguu! Mguu uliosimama kwenye maji miaka ishirini umeoza kutokea ndani, na rangi mpya ya juu haitakuambia. Choma kwa ncha ya kisu upande wa chini. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hesabu gharama ya miguu minne mipya.

Halafu kuna makabati ya ofisi za kikoloni, manene, hayana madoido, yamechongwa kana kwamba yatabebwa na meli. Mengine yana herufi zilizopigwa mhuri au kupakwa mgongoni: PWD, idara ya ujenzi ya serikali, iliyotoa samani kwa ofisi na nyumba za maofisa; au EAR&H, reli na bandari za Afrika Mashariki. Herufi hizi ni zawadi kwa mnunuzi. Shirika la EAR&H liliundwa mwaka 1948, kwa hiyo kabati lenye mhuri huo haliwezi kuwa la wakati wa Mjerumani hata muuzaji akiapa.

Hatua ya nne: ligeuze

Nenda na tochi, sumaku ndogo, kisu kidogo na kitambaa cheupe. Vua saa, maana utaingiza mkono mahali pa ajabu.

Toa saraka zote nje, uzipange sakafuni. Tazama ubao wa ndani, ule ambao macho ya wageni hayaufikii. Ubao mkongwe hukauka na kuwa mweusi bila mpangilio: mweusi zaidi panapopigwa na hewa, hafifu pale saraka ilipoufunika. Ukikuta rangi moja ya kahawia imetandazwa kila mahali, hadi nyuma ya saraka na chini ya kitako, mtu amelipaka uzee. Hakuna aliyewahi kupaka vanishi mahali pasipoonekana bila sababu.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa saraka na kwenye reli inayoipitisha. Saraka iliyovutwa na kurudishwa miaka sitini imekula reli yake, kuna bonde. Mikwaruzo izunguke tundu la ufunguo, ukingo wa mlango uwe umelainika pale vidole vinaposhika, miguu ya mbele iwe imegongwa na mifagio. Uchakavu wa kweli una mazoea ya mwili wa mtu. Uchakavu wa kutengenezwa umesambaa sawasawa kila upande, kama chumvi kwenye chipsi.

Sasa jambo ambalo miongozo ya Ulaya itakupotosha. Huko husema alama za msumeno wa mkono, na saraka zilizounganishwa kwa meno ya mfano wa mkia wa njiwa yaliyokatwa kwa mkono, ni dalili ya ukongwe. Kwetu si dalili ya lolote. Mbao bado zinapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili huku gogo limewekwa juu ya shimo, na yuko fundi atakayekukatia mkia wa njiwa kwa patasi wiki hii ukimlipa. Meno yaliyobana vizuri yanakuambia fundi alikuwa hodari, na hilo lina thamani yake, lakini hayakuambii mwaka.

Mwaka utauona kwenye vyuma na mbao za kiwandani. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930; hataza ya Phillips, yaani haki ya uvumbuzi wa skrubu hiyo, huko Marekani ni ya 1936. Ukiikuta kwenye bawaba, uliza: ni ya asili, au bawaba imebadilishwa? Kando yake tafuta matundu ya zamani yaliyozibwa. Yakiwepo, bawaba ndiyo mpya. Yasipokuwepo, kabati lenyewe ni la baada ya hapo. Plaiwudi na hadibodi mgongoni si aibu, ila huwezi kuuziwa kwa bei ya kabati la karne ya kumi na tisa. Chipubodi ikivimba pembeni kama mkate uliomwagikiwa chai, ondoka, haina dawa.

Shaba ipime kwa sumaku. Shaba haivutwi. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwenye hewa ya chumvi kitaanza kutoa kutu kwenye nguo zako. Kwa kasha, pima misumari kumi ya mahali mbalimbali, usipime mmoja, maana ya mbele huweza kuwa ya kweli na ya ubavuni imebadilishwa.

Mwisho wa kugeuza, linganisha juu na chini. Kuna makabati yaliyoozeshwa: sehemu ya vioo imetoka kwa mzee mmoja, sehemu ya saraka imetoka kwa mwingine, fundi akawafungisha ndoa. Mgongo utawasema. Mbao za nyuma zitakuwa za rangi mbili, za unene tofauti, misumari haifanani. Ndoa nyingine hudumu, mimi mwenyewe nina moja sebuleni, lakini bei yake si ya kabati zima.

Hatua ya tano: mbao

Hutahitaji kuwa na msitu mzima kichwani. Mninga una kahawia ya joto, mara nyingi yenye michirizi, na ni mwepesi kuliko unavyodhani. Mvule ukiwa mpya ni wa manjano, kisha hukomaa kuwa kahawia. Msaji, au mtiki, ukiupapasa mahali pasipopakwa una mafuta mafuta, na ukikwaruzwa hunuka kama ngozi. Mbambakofi ni mzito, mwekundu, ndugu wa milango ya nakshi. Kwetu Usambara kuna mkulo, ambao mbao yake ina harufu ya kafuri, na nondo hawaipendi. Mfenesi nao usiucheke. Mafundi wa Zanzibar wameutumia sana na manjano yake huiva vizuri.

Muuzaji akikuambia kabati zima ni la mpingo, kaa chonjo. Mpingo ni mti mdogo uliopinda, mbao yake huzama majini, na kupata ubao mpana wa mlango ni kazi ngumu. Kabati jeusi kwa kawaida ni mti mwingine uliopakwa. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, sugua chini ya rafu, utaona weusi unahama.

Siku hizi pia kuna samani za mbao za majahazi yaliyozeeka, hasa Lamu na Zanzibar. Mbao ni za kale kweli, kabati ni jipya. Hakuna ubaya, alimradi hilo likatamkwa kabla ya bei.

Hatua ya sita: dumuzi na mchwa

Vitundu vidogo kama vya pini visikutie kiwewe. Swali ni kama mwenye nyumba bado yumo. Kitundu cha zamani kina kingo nyeusi na vumbi la nyumbani ndani. Kipya kina kingo safi za rangi ya mbao mbichi, na chini yake kuna unga laini kama wa ngano. Tandaza gazeti chini, gonga ubavu kwa kiganja mara kadhaa, tazama kilichoanguka. Kama muuzaji ni mkweli, muombe kabati lisimame juu ya karatasi safi siku tatu, kisha urudi. Angalia zaidi ukanda mweupe pembeni mwa ubao, ule wa upande wa ganda la mti. Dumuzi hupenda hapo. Moyo wa msaji, mvule au mninga huwashinda meno.

Mchwa ni habari nyingine. Tafuta vichuguu vyembamba vya udongo nyuma na chini ya miguu, kisha gonga. Ubao mzima hulia "ko", ulioliwa hulia kama boksi. Ukisikia boksi kwenye nguzo zinazobeba kabati, usinunue hata kwa nusu bei.

Dumuzi wachache wanatibika. Nunua dawa ya mbao ya kuua wadudu, ile ya kupaka. Paka sehemu zisizo na vanishi, ingiza kwenye vitundu kwa bomba la sindano, funika kabati kwa nailoni kama kibandiko cha dawa kinavyoagiza, na ulitie hewa siku za kutosha kabla ya kuweka nguo. Kitu kidogo, kama saraka moja au kisanduku, hufaa kukaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili kikiwa kimefungwa vizuri. Oili chafu ya gari, ambayo watu wengi huipaka kwenye nguzo za uzio, usiikaribishe ndani ya nyumba. Itanuka mpaka wajukuu, na kila shuka litabeba doa.

Hatua ya saba: bei

"Dada, hili la tangu enzi za Sultani."

Sultani yupi? Barghash wa Zanzibar alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na wa mwisho, Jamshid, aliondolewa Januari 1964. Kabati la 1963 nalo ni la enzi za Sultani. Tabasamu, kisha mwonyeshe skrubu yenye kichwa cha msalaba.

Bei ya dukani ni robo tatu tu ya hesabu. Ongeza usafiri, wabebaji, kivuko kama linatoka Unguja, fundi, kitasa, kioo. Jumla hiyo ilinganishe na bei ya fundi wa Keko, Dar es Salaam, kukutengenezea la mninga jipya. Likizidi sana, uwe na sababu ya moyoni. Na usikimbilie maduka ya Mji Mkongwe peke yake, ambako bei imezoea watalii. Familia zinazogawana mirathi, watu wanaohama nchi, ofisi za zamani za mashamba ya mkonge kwetu Tanga, minada: huko kabati bado linaitwa kabati, halijaitwa kumbukumbu ya kihistoria. Kwenye mirathi nenda taratibu, hakikisha wote wenye haki wamekubali kuuza. Kabati lenye shangazi aliyekasirika halina raha.

Kama unapanga kulisafirisha nje ya nchi, uliza sheria kwanza. Kenya, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kinahesabiwa ni cha kale na kina ulinzi wa sheria. Tanzania nayo ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964, na vitu vinavyohusika havitoki bila kibali. Risiti ya dukani si kibali.

Hatua ya nane: fundi, na maneno ya kumwambia

Fundi wetu ni hodari, na hodari akiachiwa hulifanya kabati jipya. Mashine ya msasa ikipita dakika kumi, miaka mia imeenda na vumbi. Mwambie mapema: usipige randa, usipige msasa wa mashine, usipige msumari, wala usigundishe ubao wa mlango.

La msumari na gundi lina sababu. Ubao wa katikati ya mlango umekaa huru ndani ya fremu yake kwa makusudi, maana mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Ukiona kaukanda kasikopakwa pembeni mwa ubao huo, ndiko ulikojificha wakati wa unyevu. Fundi akiona unacheza, ataugundisha ili "uwe imara." Kiangazi kijacho utapasuka katikati kwa mlio utakaokuamsha usiku. Uache ucheze.

Viungo vilivyolegea vingi viligundishwa kwa gundi ya wanyama, inayolainika kwa maji ya moto. Viungo hivyo hufunguka, vikasafishwa, vikarudishwa vizuri kabisa. Vikishapigwa misumari, hadithi imekwisha.

Polishi ipime kwanza. Pamba yenye spiriti, mahali pa siri: pakinata, ni shelaki, polishi ya kupaka kwa kitambaa, inayorekebishika bila kubanduliwa yote. Isiponata, ni vanishi au rangi ya kisasa. Rangi nzito ya zamani, hasa ile inayopukutika vipande, inaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Usiipige msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu. Mpe kazi mtu anayejua kuibandua ikiwa imeloweshwa.

Nikiwa kwenye polishi, nashindwa kunyamaza: sandarusi, utomvu mkavu wa miti, iliyochimbwa bara mkabala na Zanzibar ilipakiwa karne ya kumi na tisa kwenda Ulaya na Salem, Marekani, kutengenezea vanishi bora za samani na magari ya farasi. Kwa hiyo kabati fulani la Kiingereza linalong'aa kwenye ukumbi wa London huenda linang'aa kwa jasho la Mzaramo.

Hatua ya tisa: majuma ya kwanza nyumbani

Usilisimamishe mbele ya kiyoyozi wala kwenye dirisha la jua la alasiri. Kabati lililokaa Unguja miaka hamsini limezoea unyevu. Ukilipeleka Dodoma au Nairobi ghafla litasinyaa, milango itapinda kidogo, saraka zitalegea. Lipe miezi mitatu kabla ya kumwita fundi arekebishe, kwa kuwa mengi hujirudi. Liache sentimita tano mbali na ukuta, hasa ukuta wa mawe na chokaa unaotoa jasho. Kama lina kilemba kizito au kuna watoto wanaopenda kupanda saraka, lifunge ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu mbili, ukijua kwamba chokaa ya zamani haishiki, tafuta jiwe.

Harufu ya uvundo iondoe kwa subira. Pangusa ndani kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji, kausha kwa upepo, weka bakuli la mkaa mkavu kila rafu juma zima. Ukitaka kufukiza udi, weka chetezo nje mbele ya mlango uliofunguliwa, moshi uingie wenyewe. Usikifungie ndani! Nje paka nta ya nyuki kidogo mara mbili kwa mwaka, ukisugua hadi kitambaa kiteleze. Zile dawa za kupuliza zinazong'arisha papo hapo huacha utando unaokusanya vumbi la barabarani.

Kabla hujaweka kitu chochote, toa saraka tena na uingize mkono mpaka mwisho, hasa kwenye kasha, chini ya kile kijisanduku cha pembeni, ambako mafundi walificha visaraka vya siri. Sukuma, vuta, telezesha kila kipande kinachoonekana hakina kazi. Kwenye langu nilikuta pini mbili za nywele zenye kutu na karafuu kavu kama nane. Pini nilizitupa. Karafuu nilizirudisha.